Na Maji Yapitie Wapi?

Kendi alinipigia simu juzi akaniambia Gathogo ameleta fundi. Ati fundi huyo alilipima lile tundu la dirisha la chumba cha kuanikia kwa futi, juu na kando, akaandika vipimo kwenye kiganja cha mkono, akaenda zake. Nilikuwa nimeapa kwamba nikishatoka pale dukani jina la Gathogo halitatoka kinywani mwangu tena, labda nikijigonga kidole. Lakini baridi ya Julai inakaribia, na nyinyi wawili, Kendi na Njoki, mlioshika kazi yangu, ndio mtakaokuwa ndani ya chumba hicho tundu likizibwa. Kwa hivyo nimenunua kalamu.

Nawaambia mapema, shule niliiacha darasa la tano, msinitafutie makosa. Na kama mnataka kusikia habari za vyeo, hapa hakuna. Duka la dobi halina vyeo. Kuna mwenye duka na kuna mikono. Mimi nilikuwa mikono tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Watu wa Nyeri wananijua kama yule mama wa kufua nguo, lakini kufua ni kazi ya asubuhi tu, hata mtoto anaweza. Kazi yenyewe ni kuyatoa maji ndani ya nguo, na Nyeri si mji ambao maji yana haraka ya kuondoka.

Nilikuja kutoka Kangari, kule kwenye majani chai, ambako umande unakaa mpaka saa sita na blanketi linakauka likishapata uzee. Aliyeniandika ni Mama Gathogo, mama mzazi wa huyu wa sasa. Uso wangu hakuuangalia. Aliangalia mikono, akaifinya kama anayechagua ndizi, akasema niko na nguvu ya kukamua. Kisha akanipeleka nyuma ya duka, kwenye uwanja wa kamba, akanikabidhi kwa Bi Mwanaisha.

Bi Mwanaisha alikuwa mwanamke wa mtaa wa Majengo, mwembamba, kitambaa kichwani, amezaliwa katika vyumba vya nyuma ya msikiti na mama yake alizaliwa humo humo. Kiswahili hiki mnachosoma ni chake. Nilipofika nilikuwa nasema "kitabu yangu" na "maji imekauka", na yeye alikuwa akisikia hivyo anafumba macho kama mtu aliyeumwa na jino. Hakunirekebisha. Alikuwa akifumba tu macho mpaka nikachoka kumwona akiteseka.

Siku ya kwanza hakunipa nguo hata moja. Alichukua kikombe kimoja cha maji akayamwaga kwenye sinia, akachukua kingine akayatia kwenye chupa ya soda, akaviweka vyote viwili juu ya ukuta. Mimi nikadhani ni mambo ya dini yao, nikanyamaza kwa heshima. Wakati wa chakula aliniita. Sinia lilikuwa kavu. Chupa ilikuwa imejaa vilevile.

"Umeona nini?" akaniuliza.

Nikamwambia nimeona sinia ni moto kuliko chupa.

"Mwanangu," akasema, "vyote viwili vimeketi ukuta mmoja. Sinia limejitandaza, chupa imejikunyata. Sasa kaniangikie lile blanketi, na nikikukuta umelikunja mara mbili juu ya kamba kwa uvivu, utakunywa hayo ya chupa."

Hayo ndiyo masomo yangu yote ya juu. Maji hutokea pale yanapoonekana na hewa. Ukiyafunua, yanaenda. Ukiyaficha kwenye mkunjo, yanakaa humo yakisubiri kunuka. Shuka linaanikwa kwa upana wake wote, shati linaangikwa likiwa limefunguliwa vifungo, suruali inageuzwa mifuko nje kama ya mtu aliyeibiwa. Na kati ya nguo na nguo iache nafasi ya kiganja. Mimi nilidhani nafasi hiyo ni ya urembo.

Nafasi ni ya upepo. Hilo lilinichukua muda kulielewa, kwa sababu sisi wote tumelelewa kuamini kwamba kinachokausha nguo ni jua. Bi Mwanaisha alikuwa analidharau jua. "Jua la Nyeri ni la kupigia picha," alikuwa akisema. Siku ya jua kali bila upepo alikuwa ananiambia nisimwahidi mteja kitu. Siku ya mawingu yenye upepo unaoteremka kutoka mlimani alikuwa anatoa hata mablanketi mazito na kuimba. Alinionyesha kwa uji. Uji moto ukiuacha kwenye bakuli, mvuke unakaa juu yake umeganda kama kofia. Ukiupuliza, ile kofia inaondoka, mwingine unatoka, unaondoka pia. Nguo yenye maji nayo ina kofia yake, huioni tu. Pasipo kitu cha kuivua, maji yatatoka yaende wapi? Yanabaki hapo hapo, nguo inayanywa tena.

Halafu kuna zile siku za Julai. Mnazijua. Ukungu unashuka usiku kutoka Nyandarua, asubuhi mlima hauonekani, jioni hauonekani, na mtu unakutana naye barabarani akiwa tayari amekaribia kukugonga. Siku hizo hewa yenyewe imeshashiba maji, na mtu aliyeshiba ukimpakulia tena anakurudishia sahani. Unaweza kuanika leso ya pua Jumatatu na Jumatano bado inakupaka unyevu. Kwa hiyo pimeni kwa mdomo, msipime kwa mkono. Mkono wa dobi umekufa kwa sabuni, unadanganya. Chukua pindo la nguo uliguse hapo juu ya mdomo, chini ya pua. Likiwa baridi, maji bado yanatoka, kwa sababu maji yakiondoka yanaondoka na joto. Mkitaka kuhakikisha, lambeni mkono muupulize. Halafu mshangae kwamba nimefundishwa haya na mwanamke wa Majengo aliyekuwa hajui kusoma gazeti.

Wateja wagumu walikuwa wengi, lakini ninayemtaja kwa jina ni mmoja, Kiragu mwenye ile lojing'i, nyumba ya wageni ya karibu na stendi. Namtaja kwa sababu anastahili. Kiragu alikuwa analeta mashuka saa sita mchana na kuyataka jioni, kila siku, hata siku ya mvua, akisimama mlangoni na kofia yake ya ngozi na kusema neno moja ambalo wanangu walikuja kuligeuza mchezo wa nyumbani: "Sitaki maelezo, nataka mashuka." Ukimwambia bado hayajakauka anasema si neno, wageni wakiyalalia watayakausha. Mwili wa mtu kwake ulikuwa ni moto wa bure. Mashuka mengine hata hakuyaleta, aliyanyunyizia marashi akayarudisha kitandani. Tuliyajua yakija siku ya pili, kwa sababu yalikuwa yananuka waridi na miguu.

Mama Gathogo alipoanza kusumbuliwa na magoti, alimwita kijana wake kutoka Nairobi. Gathogo alikuwa huko akiuza vifuniko vya simu, biashara ikamfunika. Alikuja na viatu vya ncha kali ambavyo vilizama kwenye tope la uwanja wa kamba siku ya kwanza, na tangu siku hiyo aliuchukia uwanja ule. Akamkuta pia Wangechi, ambaye alikuwa ameandikwa mwaka uliotangulia kupiga pasi.

Wangechi wa Othaya. Niacheni nimweleze, kwa sababu habari hii ni yake. Alikuwa mdogo kwangu, mweusi, mcheshi, na alikuwa na mkono wa pasi ambao sijauona tena. Marinda ya sketi za wanakwaya alikuwa anayapiga mpaka unaogopa yatakukata. Alikuwa anamwiga Kiragu kiasi kwamba siku moja Kiragu mwenyewe alisimama nyuma yake akimsikiliza, na Wangechi alipogeuka akamwambia bila kupepesa macho, "Ona sasa, umekuja wewe na kuniharibia." Hata Kiragu alicheka, na kile kilikuwa kicheko chake cha pekee nilichokishuhudia.

Gathogo alianza na wezi. Mablanketi mawili yalikuwa yametoweka kwenye kamba, kwa hiyo akaamua kuuzungushia uwanja wote ukuta wa mabati, mrefu kuliko mtu, umegusana na ardhi, hakuna pa kupitisha kidole. Siku ulipomalizika alisimama katikati akatangaza kwamba wezi wamekomeshwa. Ni kweli. Upepo pia ulikomeshwa. Jua lilikuwa linaingia kutoka juu vizuri tu, nguo zimeangikwa vizuri tu, na jioni unakuta shati limekaa na maji yake kama mgeni asiyetaka kuaga.

Akatuitia mkutano. Tatizo, akasema, amelichunguza na amelipata. Tatizo ni sisi. Ati tunatumia maji mengi mno kufua. Nguo ikiloweshwa kidogo itakauka haraka, hiyo hata haihitaji kusoma. Kuanzia siku hiyo tukapunguziwa ndoo. Mashuka ya Kiragu yakarudi lojing'i yamebeba sabuni nusu kipande, na wageni wake wakawa wanaonekana stendi asubuhi wakijikuna kama mbwa wa machinjioni.

Bi Mwanaisha hakubishana. Gathogo alipokwenda kula, alichukua nyundo akang'oa mabati ya chini upande wa mlimani na upande wa barabara, akayakunja kwa nje. Upepo ukaingia huku ukatokea kule. Gathogo alipouliza ni nani, akaambiwa ni mbuzi wa jirani. Aliamini. Alikwenda kumgombeza jirani, na jirani, ambaye alikuwa na kuku tu, alimsikiliza mpaka mwisho.

Ndipo ikaja Julai yenyewe.

Ilikuwa mbaya hata kwa Julai. Jua hatukuliona, ukungu ulikaa uwanjani mchana kutwa. Na Kiragu alikuwa amepata wageni wa harusi, lojing'i nzima, akaleta mashuka yote aliyonayo tuyafue na akasema anayataka kesho. Gathogo, badala ya kumwambia ukweli, alimpa mkono. Kisha akaja nyuma akatuambia amepata dawa.

Dawa ilikuwa kile chumba cha nyuma, hicho mnachoanikia sasa, ambacho wakati huo kilikuwa stoo. Alitoa makopo na baiskeli mbovu, akafunga kamba kutoka ukuta hadi ukuta, akatuambia tuanike humo. Mashuka yakabanana kama majani ya kabeji. Akaleta majiko matatu ya makaa yaliyokolea. Kisha akalifunga dirisha lake moja, lenye fito za chuma na mbao mbili za kufungia, akazipigilia mbao hizo misumari. Magunia akayakunja ya kuwekwa chini ya mlango.

"Joto lisitoroke," akasema.

Bi Mwanaisha alikuwa amesimama mlangoni na beseni kiunoni. Akamuuliza, "Na maji yapitie wapi?"

"Maji gani, Bi?"

"Haya yaliyo kwenye mashuka."

"Yatakauka."

"Yatakauka, sawa. Yakishakauka yaende wapi?"

Gathogo akatugeukia sisi, akatabasamu, vile mtu anatabasamu akitaka mashahidi. "Bi Mwanaisha, maji yakikauka hayaendi mahali. Yamekwisha." Na akacheka, na Wangechi akacheka, na mimi nikacheka, kwa sababu kulikuwa na joto mle ndani na nje kulikuwa na baridi ya kukata masikio, na mtu anayekuletea makaa Julai unamcheka anayebishana naye, humcheki yeye.

Bi Mwanaisha aliweka beseni chini akasema anakwenda kuswali alasiri. Hili nalo Gathogo alikuwa hapendi. Alikuwa akisema kila siku kwamba Mungu wa Majengo anamwita mfanyakazi wake saa za kazi. Akalisema tena siku hiyo, mgongoni mwake. Kisha akatuambia mimi na Wangechi tukae ndani tukigeuza mashuka, akavuta mlango. Magunia tuliyasukuma sisi wenyewe chini ya mlango kama alivyotuagiza.

Mwanzoni ilikuwa raha. Wangechi alitia mahindi kwenye jiko. Tuligeuza mashuka, tukakaa, tukageuza. Ukuta ulianza kutoa jasho. Maji yalitoka kwenye mashuka, hilo Gathogo alilipata, yakapanda mpaka kwenye mabati ya paa, na kwa kuwa hayakuwa na pa kwenda yakaanza kutudondokea sisi na mashuka. Wangechi akamwiga Gathogo: "Yamekwisha," akisema, huku tone likimwangukia puani. Tulicheka sana. Baadaye nilielewa kwamba tulicheka kupita kiasi cha kichekesho chenyewe.

Kichwa kikaanza kuniuma hapa mbele, kama mtu ananifunga kamba. Wangechi akasema naye kinamuuma, wacha ajinyooshe kidogo, nimwamshe mahindi yakiiva. Nikamwambia sawa. Nilitaka kusimama nigeuze mashuka ya upande wa pili, na miguu haikuwa yangu. Haikuniuma, haikufa ganzi, ilikuwa tu ni ya mtu mwingine. Nikaona ni ajabu, lakini si jambo la kumwita mtu. Hicho ndicho nataka mkishike, Kendi na Njoki. Hakuna harufu. Hakuna kukohoa. Hakuna sauti inayokuambia kimbia. Unaona tu kwamba kukaa ni kuzuri.

Kilichofuata nimekijua kwa kusimuliwa. Bi Mwanaisha alirudi kutoka msikitini, akaona mlango umefungwa na hakusikia Wangechi akiongea, na Wangechi kunyamaza ilikuwa ni habari. Akasukuma mlango, magunia yakaukataa, akausukuma kwa mgongo. Alinivuta mimi kwanza kwa sababu nilikuwa karibu. Akarudi akashika ile pasi nzito ya makaa akavunja mbao za dirisha, zikabaki zile fito za chuma peke yake, hewa ikaingia. Akamvuta Wangechi. Ninachokumbuka mimi ni nyasi baridi shavuni, na Bi Mwanaisha akinipiga makofi na kuniita majina ambayo sikujua anayajua.

Daktari wa hospitali alisema ni hewa ya makaa. Jiko likiwaka pasipo hewa mpya, linatoa sumu isiyoonekana, inayokaa kwenye damu mahali pa hewa nzuri. Akauliza ni nani aliyefunga dirisha. Gathogo alikuwa amesimama hapo pembeni ya kitanda na mfuko wa machungwa, akasema ilikuwa baridi. Kama vile baridi ndiyo iliyoshika nyundo.

Mimi nilitoka kesho yake na maumivu ya kichwa ambayo hunijia mpaka leo hali ya hewa ikibadilika. Wangechi alikaa muda mrefu. Alipoamka alikuwa anatujua, lakini mkono wa kulia ulikuwa unatetemeka, na maneno alikuwa anayatafuta kama mtu anayetafuta funguo gizani. Mkono ule. Hakushika pasi tena.

Gathogo alikuwa na maelezo kwa kila aliyeuliza. Kwa majirani, wamama hawa hawakuwa wamekula. Kwa mama yake, ilikuwa presha. Kwa mchungaji wake, chumba kilikuwa na kitu, na mchungaji akaja na watu wa maombi wakakikemea hicho kitu kuanzia asubuhi, mlango ukiwa umefungwa ili kisitoroke. Bi Mwanaisha aliwaangalia kutoka uwanjani, kisha akasogea akaufungua mlango akauwekea jiwe. "Muendelee," akawaambia. "Nyinyi mnaomba, mimi nashika mlango."

Na Kiragu? Kiragu alikuja jioni ile ile, tukiwa tumeshachukuliwa. Alisimuliwa yote pale pale dukani. Akavua kofia, nimpe hiyo haki yake, akasikitika, akaivaa tena. Kisha akauliza, "Na mashuka yalikauka?"

Hayakuwa yamekauka. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo kuliko mengine madogo yote. Tungekuwa tumekufa, na mashuka yangezikwa nasi yakiwa mabichi.

Mwaka uliofuata Gathogo aliweka mbao mpya kwenye dirisha. Kuanzia hapo ilikuwa vita. Baridi ikija anafunga, mimi nafungua. Niligundua kwamba jiko moja likiwekwa karibu na mlango ulio wazi, na dirisha upande wa pili likiwa wazi, hewa ya moto inapita katikati ya mashuka inabeba maji inatoka nayo nje, na mashuka yanakauka kabla hujamaliza kunywa chai. Gathogo alipoona yanakauka aliwaambia wateja ni ubunifu wake. Lakini hakuweza kuvumilia. Alikuwa anasimama nje ya dirisha, anaweka kiganja kwenye zile fito, anahisi joto likitoka, na uso wake unakuwa kama wa mtu anayeona maziwa yake yakimwagika. "Nyaguthii, makaa yangu yanapasha joto Majengo nzima," alikuwa akisema. Nikawa namwambia Majengo imeshukuru. Nikienda kuokota vibanio vilivyoanguka, nikirudi amefunga. Nafungua. Anafunga. Bi Mwanaisha alistaafu, akazeeka, tukamzika kule Majengo, na siku ya maziko yake nilirudi dukani jioni nikakuta amefunga.

Kila nilipokuwa na siku ya mapumziko nilikwenda Othaya. Wangechi yuko kwa mama yake, anasaidia kukunja nguo, anaimba vizuri tu, maana nyimbo hazikupotea, zilizopotea ni habari. Na kila nikifika, baada ya salamu, ananiuliza jambo moja: "Nyaguthii, mashuka ya Kiragu yalikauka?" Yeye hakuwapo dukani Kiragu alipouliza. Amelitoa peke yake, huko alikokuwa. Mimi namjibu yalikauka. Anafurahi. Tunakunywa chai, ananiuliza tena.

Mwaka huu kifua changu kimekataa baridi, nikasema imetosha. Nyinyi mlikuwapo kwenye ile sherehe ya kuniaga, mliona keki, mliona viti vya kukodi, mlimwona Gathogo na kipaza sauti katika chumba ambacho mtu akinong'ona anasikika. Alisema mimi ni kama mama yake. Anakaribia umri wangu. Kisha, kwa kuwa mchungaji alikuwa ameketi mbele na watu wa lojing'i zote walikuwapo, alitaka kuonekana, akasema, "Mama Nyaguthii, chagua zawadi. Chochote kilicho ndani ya duka hili. Sema mbele ya mtumishi wa Mungu."

Najua alikuwa ameshanunua thamosi ya chai. Niliiona nyuma ya kaunta, imefungwa kwa karatasi ya maua.

"Nataka dirisha," nikasema.

"Dirisha gani, mama?"

"La chumba cha kuanikia. Mbao zake, fremu yake na bawaba zake. Fito za chuma nakuachia, za wezi."

Watu walicheka. Gathogo naye alicheka, akamwangalia mchungaji, na mchungaji, ambaye labda alikumbuka yule mwanamke aliyemshikia mlango, hakucheka. Akasema tu, "Umeahidi, ndugu." Jumamosi nilikuja na fundi wangu na mkokoteni, tukaling'oa. Gathogo alisimama uwanjani na viatu vyake, akaniuliza nitalifanyia nini, na nilipomwambia alidhani natania.

Sasa ni mlango wa banda la kuku wangu. Mbao mbili, moja ya kuku kuingia, moja ya mimi kuokota mayai. Mayai ya Jumapili ni ya Wangechi. Usiku naliacha limefunguka upana wa kiganja, na kuku wangu wanaamka wakiwa hai na manyoya makavu.

Kwa hivyo msibishane na Gathogo, hamtamshinda kwa maneno, ana majibu hata kwa daktari. Anikeni mashuka yakiwa yametandazwa, jiko moja, karibu na mlango, mlango wazi na jiwe lake. Likiwekwa dirisha jipya, msiingie humo na makaa, hata mmoja wenu, hata dakika ya kugeuza shuka, na mnipigie simu siku hiyo hiyo. Njoki anajua nyumba yangu ilipo. Mkokoteni bado ninao, fundi anaishi jirani, na tangu Aprili nimekuwa nikifikiria kufuga bata.